Unga wa Uyoga na Mbwa wa Bijombo

Bijombo iko juu ya mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huko ng'ombe hulala nje penye ukungu na baridi, na mlinzi wao wa kwanza ni mbwa. Yeye husikia hatua za mwizi kabla ya mtu kuzisikia, na mchana huandamana na watoto malishoni. Wakazi wa milima hiyo, Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu na Babembe, hufuga mbwa kwa kazi. Kiangazi, majani yanapokauka, wafugaji huhamisha ng'ombe kutafuta malisho mbali, mbwa wakiwafuata nyuma. Njiani hukutana na mbwa wa vijiji vingine, na wale waliobaki bila wenyewe baada ya watu kukimbia vita.

Mbwa huyo akiugua, msaada uko mbali. Kumfuata veterineri ni kushuka hadi mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, safari ya miguu inayomaliza siku, kisha kuupanda mlima tena, na kuna misimu ambayo njia yenyewe haipitiki kwa sababu ya watu wenye bunduki. Kwa hiyo dawa inayofika mlimani ni ile inayobebeka mfukoni, na anayeaminiwa ni yule aliyekubali kupanda nayo.

Simulizi linalofuata nimelitunga kwa ajili ya kufundisha, na mzee aliyemo hana jina. Lakini kila hatua ya ugonjwa nitakayoitaja ni hatua ambayo kichaa cha mbwa hupita kweli, na kila kosa linalofanywa humu hufanywa na watu wenye akili timamu na moyo mwema.

Mzee huyo alikuwa na mbwa dume aliyemlea tangu akiwa mdogo. Usiku mmoja wa mvua mbwa mgeni aliingia zizini, akapigana na dume, akamng'ata begani, akatokomea. Kulipokucha mzee alifuta damu, akamfunga mbwa wake kivulini apumzike. Siku chache baadaye mpwa wake alipanda kutoka Uvira akiwa na pakiti ya unga wa kahawia. Ni uyoga, alisema, ule mgumu unaoota kwenye magogo, umevushwa kutoka Bujumbura kupitia Kavimvira.

“Mjomba, hii dawa njo yenyewe,” mpwa akamwambia. “Inaongezaka nguvu ya mwili kupigana na magonjwa, ikuwe ya muntu, ikuwe ya imbwa.”

Mzee alichanganya unga na maziwa kila asubuhi, mbwa akalamba. Baada ya wiki mbili jeraha lilifunga, manyoya yakaanza kurudi, dume akarejea zizini. Majirani walipouliza, mzee aliwaeleza alichokiona kwa macho yake: mbwa aling'atwa, akapewa uyoga, akapona. Hakudanganya hata neno moja. Wawili kati yao wakaagiza pakiti zao.

Jeraha lile la begani lingefunga hata bila unga. Mwili wa mbwa mwenye afya huponya ngozi yake wenyewe. Kilichoingia pamoja na mate ya yule mbwa mgeni kilikuwa kitu kingine, nacho hakikuwa na haraka. Virusi vya kichaa cha mbwa huanzia kwenye nyama iliyojeruhiwa, kisha huingia kwenye mshipa wa fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki, mara nyingine miezi. Muda wote huo mbwa hula, hubweka, hulinda, na mwenye mbwa humshukuru aliyemletea dawa.

Mwezi wa pili dume alibadilika. Alianza kujificha nyuma ya zizi. Alitafuna kamba na vijiti ambavyo si chakula. Mlio wake ukawa wa mkwaruzo, si ule ambao watoto waliujua. Kesho yake taya la chini lilining'inia, mate yakamtiririka, akawa anayatazama maziwa bila kuweza kuyameza. Mzee aliona wanachokiona wafugaji wengi wakikutana na mbwa wa namna hiyo: mfupa umemkwama kooni. Alimwita mjukuu wake, mtoto wa miaka 9, amshike mbwa kichwa. Akapapasa kooni asikute mfupa. Kisha, kwa kuwa mbwa hakuweza tena kulamba, akaukanda unga wa uyoga na siagi, akausukuma nyuma ya ulimi kwa vidole vyake mwenyewe.

Vidole vya mchungaji havikosi michubuko. Meno yakamkwaruza kidogo tu, hata damu haikutoka ya kuhesabika. Mtoto yeye aling'atwa hasa, kwenye mkono, mbwa alipojinasua.

Mama wa mtoto hakujua mengi kuhusu virusi. Alijua kwamba mbwa asiyemng'ata mtu wa nyumbani miaka yote hawezi kumng'ata leo bila sababu. Akauosha mkono wa mwanawe kwa maji na sabuni, akampeleka mbio kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliuliza maswali matatu: mbwa amewahi kuchanjwa? Anakunywa? Amewahi kupigana na mbwa msiyemjua? Kisha akauosha mkono ule upya, akimimina maji na sabuni kwa dakika 15 nzima, hakuushona, akamwambia mama ashuke Uvira bila kusubiri jua lingine.

“Baba, twende wote,” mkwe akamsihi mzee.

“Miye haikuniluma, mwanangu,” mzee akajibu. “Ilinikwaruza tu.”

Alibaki na mbwa wake, ambaye alikufa siku ya nne. Tangu siku hiyo mzee alikoroga unga wa uyoga kwenye chai yake kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba unafaa mtu na mnyama. Mtoto alichomwa chanjo yake mjini, akarudi kuchomwa siku ya 3, siku ya 7 na mara ya mwisho baadaye, mama akilala kwa ndugu huko Mulongwe ili asikose hata tarehe moja. Leo ana kovu mkononi na anachunga ng'ombe. Mzee, mwezi wa tatu, alihisi vidole vikiwasha na kufa ganzi pale pale palipokwaruzwa. Kisha usingizi ukamhama. Kisha akaletewa kikombe cha maji, koo likakaza kwa kuyaona tu. Hakumaliza wiki.

Mtu akisikia habari hii huweza kusema kwamba unga ule ulikuwa bandia. Naomba tusikimbilie hapo, maana hata ungekuwa halisi, uliovunwa na kukaushwa ipasavyo, mzee angekufa vilevile.

Uyoga wa dawa si uongo mtupu. Ndani ya kuta za seli zake kuna sukari ndefu ziitwazo beta-glukani, na chembe za kinga mwilini, za mtu na za mbwa, huzitambua na kuchangamka. Wachina wameutumia kwa karne nyingi uyoga mmoja mwembamba wenye mistari ya rangi unaoota kwenye miti iliyokufa. Wao huuita yunzhi, na wataalamu wa uyoga huuita Trametes versicolor. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, Dorothy Cimino Brown na Jennifer Reetz, walitangaza matokeo ya kuwapa mbwa 15 dawa iliyotokana na uyoga huo. Mbwa hao walikuwa na saratani ya mishipa ya damu kwenye wengu, saratani mbaya ambayo mara nyingi hujulikana siku damu inapomwagika tumboni, na wengu ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa upasuaji. Waligawanywa katika makundi matatu kwa kipimo cha dawa. Katika kundi lililopewa kipimo kikubwa, miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, muda wa kati wa kuishi ulifika siku 199, na hilo liliwashangaza hata watafiti wenyewe.

Habari hiyo ilienea duniani, nami naelewa kwa nini. Anayempenda mbwa wake anayekufa hushika chochote. Lakini wengi walioieneza waliacha nyuma mambo mawili. Mbwa wale walikuwa wachache, watano kwa kila kundi, na hapakuwa na kundi lisilopewa uyoga la kulinganisha nalo. Na wote walikuwa wamepasuliwa kwanza na madaktari. Ulipofika mwaka 2022, utafiti mkubwa zaidi wa mbwa 101 wenye saratani hiyohiyo ulichapishwa, safari hii ukilinganisha uyoga, dawa ya kawaida ya saratani iitwayo doksorubisini, na vyote viwili kwa pamoja. Kuongeza uyoga juu ya doksorubisini hakukurefusha maisha ya mbwa. Matumaini ya mbwa 15 hayakusimama mbele ya mbwa 101. Hivyo ndivyo elimu inavyosonga, na hakuna aibu ndani yake. Aibu ni kuendelea kuuza kwa tarakimu za mwaka 2012 baada ya kujua za mwaka 2022.

Tuuchukulie uyoga kwa upande wake mzuri kabisa. Tuseme kweli unachangamsha kinga. Mbona basi haukumfaa mbwa wa Bijombo?

Kinga ya mwili ina askari wa doria wanaozunguka kwenye damu na chini ya ngozi, tayari kumkabili yeyote. Hao ndio beta-glukani huwaamsha. Lakini virusi vya kichaa cha mbwa havisafiri katika damu. Vikishaingia ndani ya mshipa wa fahamu vimejificha mahali ambapo doria haipiti, na vinapanda vikiwa vichache na kimya, bila homa, bila uvimbe, bila kitu cha kuiamsha kinga. Doria ikiwa na nguvu mara mbili au mara kumi, bado inalinda barabara ambayo adui haitumii. Kinachoweza kuvizuia ni kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kirusi hicho na si kingine, nazo ziwepo kabla hakijafika kwenye ubongo. Chanjo hufanya kazi hiyo tu: huonyesha mwili sura ya adui mmoja mapema. Ndiyo sababu mbwa huchanjwa kabla ya kung'atwa. Na ndiyo sababu mtu aliyeng'atwa huoshwa jeraha kwa dakika 15, kuvipunguza virusi palepale, kisha hukimbizwa kwenye chanjo, na kama jeraha limepenya ngozi hupewa pia kingamwili zilizo tayari, zikachomwa ndani na kuzunguka jeraha. Kwa sababu ugonjwa huchukua wiki kufika kwenye ubongo, chanjo hupata muda wa kuuwahi. Louis Pasteur aliona mwanya huo Paris, Julai 1885, alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na Meister akaishi. Dalili zikishaanza, mwanya umefungwa. Karibu kila anayefika hapo hufa, awe amelazwa Bijombo au London.

Mzee wetu alikuwa na wiki zile mkononi mwake. Alizitumia kwa unga.

Afrika Mashariki tumepita njia hii kabla, na mbele ya macho ya watu wote. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mti aliouchemsha ulikuwa umetumiwa na wenyeji tangu zamani, na bei ile ilikuwa ndogo. Lililoumiza ni kwamba wapo waliorudi nyumbani wakaviweka kando vidonge vyao vya virusi vya Ukimwi na vya kisukari. Kikombe kilichukua kiti cha dawa, na kiti hicho hakikuwa chake.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa mlimani wanapaswa kuisikia mapema, kabla mtu hajawaza kuokoa pesa kwa kuokota uyoga mwenyewe katika msitu wa Itombwe. Miongoni mwa uyoga wenye miavuli umo wenye amatoksini, sumu inayoua ini. Haiondoki kwa kupika wala kwa kukausha. Mbwa au mtu aliyeila huwa mzima kwa saa nyingi, kisha hutapika na kuharisha, kisha hupata nafuu ya siku moja inayowafurahisha wote, na wakati huo ini linaendelea kufa. Hata uyoga mgumu wa magogoni, ambao hauna sumu hiyo, una spishi nyingi zinazofanana kiasi kwamba wataalamu hubishana juu yake. Ukishasagwa kuwa unga, hakuna jicho linaloweza kusema ulikuwa upi, wala kama ndani yake kuna uyoga kweli au nafaka iliyooteshewa uyoga. Tena mbwa hawezi kuumeng'enya ipasavyo ukiwa mbichi. Dawa ya Pennsylvania ilikuwa imekamuliwa kiwandani na kupimwa kwa miligramu. Kijiko cha unga katika maziwa hakifanani nayo hata kidogo.

Mwenye mbwa mzee mwenye saratani, anayetibiwa na veterineri, akitaka kuongeza uyoga uliotengenezwa vizuri huku daktari akijua, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na uyoga unaopewa mbwa ambaye hajachanjwa, katika nchi ambayo kichaa cha mbwa kipo.

Nao wa Bijombo wana haki ya kuuliza: hiyo chanjo tutaipata wapi, sisi tusio na barabara wala umeme? Swali hilo nalichukua kwa uzito kuliko yote, kwa sababu unga hauuziki mahali palipo na chanjo. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba chanjo ya mbwa lazima ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa hiyo vijiji vya mbali vingojee. Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania kwa chanjo moja inayotumika sana. Chanjo iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, iliwapa mbwa kinga sawa na iliyotoka kwenye friji. Baadaye, mkoani Mara, majaribio yaliendelea kwa kuweka chanjo vijijini kwenye vyombo vya kupoza visivyotumia umeme, ili watu wa hapohapo wachanje mbwa mwaka mzima bila kungoja gari la mjini.

Sasa tazama Bijombo. Baridi ile inayowatesa watoto asubuhi ni rafiki wa chanjo. Mahali ambapo mchana wenyewe ni wa sweta, chupa ya chanjo ya aina ile iliyopimwa haina haja ya kuogopa nyuzi 25. Sehemu ngumu ni pwani ya ziwa penye joto na siku ya kupanda, na hiyo ni siku moja, kwenye kasha lenye barafu. Mtu anayeweza kupanda na pakiti za unga anaweza kupanda na chanjo. Linalohitajika ni huduma ya mifugo ya Uvira kufundisha vijana wa mlimani kuchoma sindano chini ya ngozi ya mbwa, na chefu wa grupma, wachungaji wa makanisa na wakubwa wa wafugaji kukubaliana siku moja ambayo kila mwenye mbwa atamleta kwa kamba.

Wataalamu husema angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe, na kazi irudiwe, kwa kuwa kila mwaka huzaliwa watoto wa mbwa wasio na kinga. Kisiwani Pemba, Tanzania, walijaribu. Chanjo ya miaka kadhaa ilikata ugonjwa mwaka 2014. Kampeni zikalegea, ukaingia tena mwaka 2016. Wakachanja upya, na Oktoba 2018 mnyororo wa ugonjwa kisiwani ulikatika. Pemba ina bahari pande zote, Bijombo haina. Mbwa wake hushuka na ng'ombe, na mbwa wa chini hupanda na wafanyabiashara. Kuchanja mlima peke yake, au Uvira peke yake, ni kuacha mlango mmoja wazi. Sindano za huko juu na za huko chini zinapaswa kuchomwa msimu mmoja, mvua zikielekea ukingoni, kabla kiangazi hakijaanza kuwahamisha wafugaji.